Mlango Alioufunga Saliha

Karimu alikuwa fundi wa magari pale Buyenzi, mtu mpole aliyekuwa akitoa damu kila baada ya miezi minne kwa sababu mama yake aliwahi kuokolewa na damu ya mtu asiyemjua. Mwaka jana, katika kupimwa kama kawaida, damu yake ilionekana kuwa na ugonjwa. Kabla hajaitwa kuambiwa, mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Wateja wakaanza kupeleka magari kwingine, na shemeji zake wakaja kumchukua dada yao Hayat, mke wa Karimu, pamoja na watoto. Karimu mwenyewe alipokea habari ya ugonjwa wake kutoka kwa muuza mikate. Mwezi haukwisha, akafunga karakana, akavuka mpaka, na hakuna aliyemsikia tena.

Saliha alimfahamu Karimu tangu utoto, nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja. Na ni Saliha aliyekuwa akitunza kompyuta za kituo cha damu kilichoitwa Agatonyanga, huko mtaa wa Rohero, ambako majibu yale yalikuwa yamehifadhiwa. Alikuwa na miaka thelathini na minne, hajaolewa, akiishi na baba yake, mzee Moubarak. Habari ilipomfikia alikwenda moja kwa moja kwenye seva kutafuta ni nani aliyefungua faili la Karimu. Akakuta limefunguliwa mara sita kwa siku mbili, na mara zote sita jina la aliyelifungua lilikuwa moja: *labo*. Hilo ndilo jina walilokuwa wakilitumia wafanyakazi wote kuingia kwenye hifadhidata, watu kumi na mmoja, kwa neno la siri moja ambalo lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye ukingo wa skrini ya chumba cha maabara. Aliyemtangaza Karimu alikuwa mmoja wao, akinywa nao chai kila siku, na hakukuwa na njia ya kumjua.

Kwa hiyo mkuu wa kituo, Dokta Dévote, alipomwambia atafute dawa ya jambo lile, Saliha hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alisema ataweka mfumo unaoitwa Kerberos. Dokta akamwomba amweleze kama anavyomweleza mtoto, naye akaeleza: kutakuwa na seva moja ambayo kazi yake ni kutambua watu tu. Asubuhi kila mfanyakazi ataiambia jina lake mwenyewe na neno lake mwenyewe la siri, na seva ikimkubali itampa tiketi ya masaa kumi. Tiketi hiyo ndiyo atakayoionyesha hifadhidata ili imfungulie. Neno la siri halipiti tena mtandaoni, haliandikwi tena kwenye ukingo wa skrini, na kila faili litakalofunguliwa litabaki na jina la mtu.

"Na jina hilo haliwezi kukanwa?" Dokta aliuliza.

"Apana, Dokta. Haliwezi."

Kazi ilimchukua wiki tatu. Nyuma ya chumba cha friji za damu kulikuwa na chumba chembamba chenye mashine mbili za Linux: moja ilibeba hifadhidata, na nyingine ilikuwa mzee mmoja wa chuma aliyeletwa na wafadhili zamani, ambaye Saliha alimfanya seva ya tiketi. Mara ya kwanza alipoiwasha mashine hiyo aliona saa yake ikisema ni Januari ya mwaka 2014. Betri ndogo ya ndani, ile ya ukubwa wa kifungo cha shati inayoshikilia saa wakati umeme haupo, ilikuwa imekufa. Saliha aliiunganisha mashine na mtandao, ikachukua saa sahihi kutoka huko, na akajiambia kwamba betri atainunua wiki ijayo. Jambo la saa si dogo katika kazi hii. Kila tiketi hugongwa saa yake, na saa za mashine zikipishana kwa zaidi ya dakika tano, tiketi zote hukataliwa, kwa maana mfumo hudhani kuna mwizi anayerudisha tiketi ya zamani. Saliha alilijua hilo vizuri. Alikuwa amelifafanua hata kwenye karatasi aliyomwandikia Dokta.

Lakini siku zile akili yake ilikuwa kwingine. Siku tatu nzima hifadhidata iligoma kupokea tiketi, ikisema haiitambui huduma inayoombwa, mpaka alipogundua kwamba kwenye seva ya tiketi ameiandikisha kwa jina fupi, ilhali mtandaoni inaitwa kwa jina refu. Aliposahihisha, ikagoma tena: faili la ufunguo lilikuwa mali ya msimamizi mkuu wa mashine, na hifadhidata haikuruhusiwa hata kulisoma. Akabadilisha umiliki wa faili. Kisha, Jumatano moja baada ya chakula cha mchana, alimwita Prudence wa maabara, akamkalisha mbele ya kompyuta na kumwambia aandike jina lake. Prudence akaandika. Hifadhidata ikafunguka, na kwenye kitabu cha kumbukumbu cha seva likatokea neno *prudence* mahali ambapo kwa miaka kumi na mmoja palikuwa pakiandikwa *labo*. Saliha alilitazama neno lile kwa muda mrefu. Alikuwa na furaha ambayo hakuweza kumweleza mtu.

Ilibaki kufuta njia ya zamani. Alikuwa amekaa kwenye chumba kile chembamba akijiandaa kuifuta wakati Léonce alipogonga na kuingia. Léonce alikuwa karani wa kumbukumbu, mtu wa miaka hamsini na tisa aliyeanza na kituo tangu enzi ya madaftari. Ndiye aliyehamisha majina yote kutoka karatasini. Alisimama akishika kofia yake mkononi kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada isiyo yake.

"Saliha, we ndiye mutu wa hizi mashini, mi siwezi kukufundisha," alisema. "Lakini acha mulango moja wazi. Iko siku hii kitu itakataa, na we hauko hapa. Tutafanya nini?"

Saliha alimjibu kwa heshima, bila kugeuza kiti. "Papa Léonce, ule mulango moja ndio walimupitishia Karimu."

 Léonce akasema haya, ni sawa, akatoka. Saliha akaufuta mstari uliokuwa ukimruhusu *labo*, akaiwasha upya hifadhidata, na akafunga chumba kwa ufunguo. Alikuwa ameweka sheria kwamba chumba kile hafungui mtu mwingine. Ufunguo ulikuwa mmoja, naye aliutia kwenye mkoba wake.

Miezi miwili ilipita na kila kitu kilikwenda vizuri. Watu walizoea. Betri haikununuliwa.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano, saa tisa alasiri, umeme ulikatika Rohero nzima. Hilo halikumshtua mtu. Friji za damu zilikuwa na paneli zao za jua juu ya paa, zikaendelea kunguruma. Kompyuta zilishikiliwa na betri ya akiba kwa dakika arobaini, kisha zikazima moja baada ya nyingine. Jenereta ilikuwepo, ila mafuta yalikuwa hayajaonekana mjini kwa wiki ya tatu. Watu wakafunga kazi, wakaenda nyumbani.

Umeme ulirudi Jumamosi saa tatu asubuhi. Mashine zikaamka zenyewe. Mtandao haukurudi, kwa sababu mnara wa kampuni ya mtandao wao, tofauti na ile ya simu, nao ulikuwa ukisubiri mafuta. Yule mzee wa chuma akaamka bila betri na bila mtu wa kumuuliza saa, akaamini kwamba ni Januari ya mwaka 2014.

Saa nne na dakika kumi simu ya kituo iliita. Ilikuwa kliniki moja ya Mutanga Sud. Mwanamke aliyejifungua alfajiri alikuwa akivuja damu, na haikuwa ikisimama. Aliitwa Chanelle, miaka ishirini na saba, mtoto wa kwanza. Damu yake ilikuwa kundi O hasi, ambalo katika mji huu wenye nalo ni wachache sana. Prudence, aliyekuwa zamu, alifungua friji ingawa alijua atakachokikuta. Hakukuwa na mfuko hata mmoja. Katika hali kama hiyo kazi ni moja tu: kufungua orodha ya watoa damu wa kundi hilo, kuwapigia, na kumleta wa kwanza atakayepokea.

Prudence aliandika jina lake na neno lake la siri. Kompyuta ikajibu kwamba saa zimepishana mno. Akaandika tena. Akaenda kwenye kompyuta nyingine, ikajibu vilevile. Léonce, ambaye huja Jumamosi kupanga makaratasi yake, alisogea akatazama. Prudence alimuuliza jina lile la zamani lilikuwaje. Léonce akaliandika, na hifadhidata ikasema haimjui mtu anayeitwa *labo*.

Walimpigia Saliha saa nne na dakika ishirini.

Saliha alikuwa Buyenzi, kwenye ndoa ya binamu yake Asiya. Wanawake walikuwa wamejaa ndani na uani, wakiimba kwa matari kiasi cha kutosikia mtu aliye ubavuni. Mkoba wake ulikuwa chumba cha ndani, chini ya mitandio ya wageni. Hina ilikuwa haijakauka vizuri mikononi, kwa hiyo alikuwa hashiki kitu. Alipokwenda hatimaye kuchukua leso ya kujifutia jasho, ilikuwa saa tano na robo, na simu ilionyesha kwamba ametafutwa mara kumi na saba.

Alipiga, na Prudence akamweleza kwa sentensi tatu. Saliha alijua papo hapo. Kabla Prudence hajamaliza kusoma maneno yaliyo kwenye skrini, yeye alikuwa ameshaiona ile betri kama ipo kiganjani mwake. Dawa yake ilikuwa amri moja ya kuandika, dakika moja tu, ila iandikwe kwenye mashine yenyewe, ndani ya chumba ambacho ufunguo wake ulikuwa humo humo mkobani.

Alitoka bila kuaga. Barabarani hakukuwa na bajaji wala pikipiki. Zilikuwa zimepangwa kwenye foleni ya kituo cha mafuta, zaidi ya mia, zimezimwa. Alikimbia. Alikimbia na nguo ya sherehe, viatu mkononi, akapita mbele ya karakana za watu wanaomjua tangu utoto, wakamwita kumuuliza kuna nini, asijibu. Alifika Rohero saa sita kasoro dakika ishirini. Alifungua chumba, akaandika saa na tarehe kwa kuangalia simu yake, na Prudence akapiga kelele kutoka maabara kwamba imefunguka.

Kwenye orodha kulikuwa na majina kumi na manne. Léonce alikuwa amejaribu kwa namna yake wakati wote ule. Majina mawili alikuwa nayo kichwani: mmoja alikuwa amehamia Uvira, wa pili simu yake haikushika. Alikuwa ameshusha madaftari ya zamani kutoka juu ya kabati, yale yaliyokoma walipoanza kutumia kompyuta, na kupiga namba ambazo nyingi hazikuwa za watu wale tena. Sasa waligawana orodha watatu. Wa tatu kupigiwa alipokea. Aliitwa Akilimali, seremala wa Kibenga, ambaye mtaa wake ziwa lilikuwa limeuingilia tangu masika yalipoanza. Alisema anakuja, na akaja, akiwa amelowa mpaka magotini, kwa pikipiki ya jirani iliyokuwa imefichiwa lita moja ya mafuta kwa ajili ya dharura. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Walimtoa damu, wakaipima vipimo ambavyo haviwezi kurukwa, wakaipakia kwenye kisanduku cha barafu, na jirani yule yule mwenye pikipiki akaibeba kwenda Mutanga Sud.

Damu ilifika kliniki saa nane kasoro dakika tano. Chanelle alikuwa amefariki saa saba na nusu. Mtoto, msichana, alikuwa mzima.

Jioni hiyo Saliha hakurudi kwenye ndoa. Alikaa kwenye kiti cha Prudence akipiga hesabu ya dakika. Orodha ilichelewa dakika tisini na tano. Damu ilichelewa dakika ishirini na tano. Alizipanga hesabu hizo kwa kila namna, akijaribu kuongeza muda wa barabara, muda wa vipimo, muda ambao mtu wa kwanza angekawia kupokea simu, na kila alipomaliza zilibaki dakika nyingi ambazo hazikuwa na mwenyewe isipokuwa yeye. Prudence alimwambia waende nyumbani. Alimwambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba wanawake hufa hivi mjini humu kila wiki, hata pale orodha inapokuwa wazi. Saliha akarudi kwenye hesabu yake.

Jumatatu alinunua betri. Mwenye duka aliitoa kwenye kadi yenye betri tano, akaona haina haja ya kumfungia kitu kidogo namna ile, akamwekea kiganjani. Kisha alifanya jambo jingine ambalo alijua tangu siku ile Léonce alipogonga mlango kwamba lingeweza kufanyika: alitengeneza njia ya dharura, yenye jina na neno la siri la kwake yenyewe, akalifunga neno hilo ndani ya bahasha na kuitia muhuri, ikawekwa kwenye kabati la Dokta pamoja na ufunguo wa pili wa chumba. Atakayeifungua bahasha atajulikana kwa sababu muhuri utakuwa umevunjwa. Ilimchukua nusu saa. Kwa muda wa nusu saa mtu angeweza kumlinda Karimu na kumlinda Chanelle pia, wala hakukuwa na haja ya kuchagua kati yao. Wazo hilo lilimjia akiwa amepiga magoti sakafuni na bisibisi mkononi, akabaki hivyo mpaka miguu ikafa ganzi.

Uchunguzi ulifanyika Alhamisi, kwenye chumba cha mikutano, mbele ya Dokta Dévote na watu wawili wa bodi. Daktari wa kliniki alikuwa ameandika kwamba mgonjwa alikuwa tayari katika hali mbaya simu ilipopigwa, na kwamba hakuna awezaye kusema kwa hakika. Prudence alieleza saa kwa saa. Saliha alieleza juu ya betri, na hakuficha kwamba alijua imekufa. Mmoja wa wale wa bodi akauliza kama kuna yeyote aliyeiona hatari hii mapema na kumwonya fundi. Aliuliza kama mtu anayejaza fomu, kalamu tayari.

Saliha aligeuka kumtazama Léonce. Alikuwa anamsubiri aseme. Alikuwa karibu kumwomba.

"Sikumbuki," Léonce alisema.

Kalamu ikaandika. Naye Saliha, ambaye angeweza kufungua kinywa chake mwenyewe na kusema kwamba alionywa, alikaa kimya. Ripoti ikasema chanzo ni kukatika kwa umeme na ukosefu wa mafuta. Hakuna aliyetajwa jina.

Wiki iliyofuata alikwenda Mutanga Sud. Hakumwambia mtu. Nyumba ilikuwa ya kupanga, karibu na chuo kikuu, na viti vya matanga vilikuwa bado vimebaki uani, vimepangwa juu ya vingine. Mama wa marehemu alikuwa amekaa kivulini na mtoto kifuani, akimtikisa bila kumtazama. Walimdhania ni nesi, wakamkaribisha kwa shukrani, wakampa Fanta. Mume, Landry, mwalimu wa jiografia, kijana mrefu mwenye ndevu za siku kumi, alitoka ndani na kukaa mbele yake. Saliha alisema si nesi. Alisema ni yeye anayetunza kompyuta za kituo cha damu, na kwamba kuna jambo ambalo kwenye ripoti haliko.

Akamweleza. Alieleza tiketi na saa, betri na ufunguo, ndoa ya Asiya, na Léonce aliyesimama na kofia mkononi. Landry alisikiliza kama mwalimu anavyosikiliza, bila kumkata, akiuliza tu pale asipoelewa. Aliuliza betri ile ikoje. Saliha akamwonyesha kwa vidole ukubwa wake. Aliuliza orodha ilifunguka saa ngapi na damu ilifika saa ngapi, akainamisha kichwa, na Saliha aliona kwamba anapiga hesabu ile ile.

 Mtoto alilia kidogo, akanyamazishwa.

"Kwa nini umekuja kuniambia?" Landry aliuliza.

 Saliha alisema aliona ni haki yake kujua.

"Mi nilikuwa nimemaliza," Landry alisema polepole, kwa Kiswahili cha mjini ambacho si cha kwao. "Nilikuwa nimekubali ni Mungu. Siku nane nilipigana na hiyo, na juzi nikakubali, nikalala. Sasa umeniletea mutu."

Hakusema kwa hasira. Saliha angependa iwe hasira. Alianza kuomba msamaha na Landry akainua mkono kidogo, si kwa ukali, akamwomba anyamaze. Aliingia ndani, akatoka na daftari la shule na kalamu, akaviweka juu ya meza karibu na chupa ya Fanta ambayo haikuguswa.

"Andika," alisema. "Masaa yote. Na yule muzee alikuambia nini."

Saliha aliandika kurasa mbili. Aliweka jina lake kamili na sahihi. Landry alizisoma akiwa amesimama, akazichana kutoka kwenye daftari, akazikunja mara mbili na kuzitia mfukoni. Alimsindikiza hadi kwenye lango kama adabu inavyotaka, na hapo akamwambia asirudi tena.

Baada ya mwezi mmoja barua ya wakili ilifika kituoni ikiwa na nakala ya zile kurasa. Dokta Dévote alimwita Saliha na kumwonyesha sahihi yake, akamuuliza kama ni yake kweli. Saliha akakubali. Dokta alivua miwani akajisugua macho. Alisema hakuna ubaya katika kusema kweli, lakini kweli ilikuwa na mahali pake pa kusemewa, na mahali hapo palikuwa kwenye chumba cha mikutano, siku ile ya Alhamisi, wakati kila mtu alikuwa amekaa kuisikiliza. Ilikuwa hivyo. Mkataba wake ulikatishwa mwisho wa mwezi. Léonce aliitwa pia. Alipewa onyo la maandishi kwa kudanganya bodi, akaondolewa kwenye kumbukumbu, akawekwa mapokezi kugawa namba za foleni, mwaka mmoja kabla ya kustaafu.

Siku yake ya mwisho Saliha alimkuta pale mapokezi, amekaa nyuma ya kioo, kofia mezani. Alimwomba radhi. Alisema hakufikiri, alipokuwa akiandika kwa Landry, kwamba anamwandika na yeye.

"Ulifikiri nilisema sikumbuki juu ya kukulinda," Léonce alisema. "Kidogo ni juu yako. Lakini ningesema nakumbuka, wangeniuliza: na we muzee, uliona hatari, ukaambia Saliha mara moja, akakataa, ukaenda kula. Kwa nini haukupanda juu kwa Dokta?" Alipanga karatasi za namba zikalingana kingo. "Ofisi yake iko hapo tu. Ngazi kumi na mbili."

Mgonjwa mmoja alisogea kwenye kioo, na Léonce akampa namba.

Tangu siku aliyotoka Mutanga Sud, Saliha alikuwa akifunga. Alikuwa amesikia tangu madrasa kwamba aliyeua pasipo kukusudia hufunga miezi miwili mfululizo. Mzee Moubarak alipoliona hilo, alikwenda kumuuliza sheikh bila kumtaja mtu, na sheikh akasema kwa jambo la namna ile binti halazimiki, maana hakuua. Baba alileta jibu hilo nyumbani na kulieleza mara mbili, taratibu, kama mtu anayesoma dawa. Saliha alimshukuru, akasema amesikia, na kesho yake akafunga tena.

Sasa alikuwa nyumbani mchana kutwa. Jirani walimletea simu zao zilizoharibika, akazitengeneza barazani. Magharibi ilipoadhiniwa, baba yake alimsogezea tende na maji, akakaa upande wa pili wa mkeka kumngoja ale. Ilikuwa siku ya thelathini na nane. Zilikuwa zimebaki ishirini na mbili.